Siku moja maishani mwangu: falsafa kati ya bomba la Katuba na darasa la Kasapa

Saa kumi alfajiri

“Yaya, mayi inakuya!” Ni mtoto wa jirani, na makofi yake kwenye mlango wetu wa bati hayana huruma. Kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, bomba hutoa maji usiku, na yeyote anayelisikia likianza kukoroma ndiye anayeamsha lupango lote, yaani nyumba zote za ua mmoja. Mwezi wa sita si mwezi wa kuamka ukiwa na furaha. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya kiangazi huku Katanga haichezi na mtu. Nimevaa koti la marehemu babu, nimeshika bidoni mbili, madumu ya maji, niko foleni.

Hapa ndipo ninapofanya zoezi langu la pumzi. Asili yake ni mafundisho ya Wabuddha, na mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn alilipeleka hospitalini huko Massachusetts, akalifanya kuwa mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Maelekezo ni mepesi: fuata pumzi ikiingia, ifuate ikitoka, fikra zikikubeba, rudi bila kujigombeza. Wanaolifundisha kwenye video za simu hukaa juu ya zulia, chumba kitupu, dirisha linatazama bahari. Mimi nimekaa juu ya bidoni, na nikifumba macho zamu yangu inaliwa. Basi nafuata pumzi macho wazi, nikiangalia pia bidoni ya mama wa nyumba ya tatu, maana yuko na mtoto mgongoni na hawezi kuisogeza peke yake. Kama hilo linaharibu zoezi, liharibike.

Saa moja asubuhi

Teksi-basi hadi mjini, kisha nyingine hadi Kasapa, kwenye chuo kikuu. Tumebanana. Kichwani narudia somo la Epictetus, mwanafalsafa wa kale, maana nina kazi ya kuandika juu yake. Alizaliwa mtumwa, akaishi Roma, alikuwa kiwete. Kaisari Domitianus alipowafukuza wanafalsafa, yeye alikwenda kufungua shule Nicopolis, Ugiriki. Hakuandika hata mstari. Tunamsoma kwa sababu mwanafunzi wake Arrian alikuwa na bidii ya kuandika aliyoyasikia. Fundisho lake kuu linagawa mambo yote mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wetu, yaani hukumu zetu na matakwa yetu, na yasiyo katika uwezo wetu, kama mwili, mali na sifa. Mwenye kuhangaikia fungu la kwanza tu atakuwa na amani.

Nimefika hapo, dereva akasimama katikati ya njia na kutangaza kwamba gari linageuza, anayetaka kuendelea alipe upya. Nikajiambia: haya, fungu la pili, tulia. Nilikuwa tayari nimetoa mguu mmoja nje. Lakini mama mmoja mwenye kapu la mboga akasema kwa upole kabisa, “Papa, siye hatushuke.” Hakupiga kelele. Akabaki amekaa. Mwingine akabaki, mwanajeshi mstaafu nyuma akabaki, nami nikarudisha mguu wangu. Dereva alitazama kioo, akaguna, akaendelea na safari hadi mwisho.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza: hili ni fungu gani? Peke yangu nisingeweza kitu. Yule mama naye peke yake angeachwa barabarani na mboga zake.

Saa tatu

Somo la falsafa ya Kiafrika. Mwalimu anaanza na Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka mwaka 1945 katika mji huu huu, wakati ungali ukiitwa Elisabethville. Kwake, Mbantu anaona kila kilichopo kuwa ni nguvu ya uzima, na hakuna nguvu inayosimama peke yake. Moja inaongeza nyingine au inaipunguza. Wenzangu wengi wanalipenda wazo hilo, nami nalipenda, hasa baada ya mambo ya teksi-basi.

Kisha linakuja pigo la mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin, ambaye aliwahi kufundisha hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anauliza: falsafa gani hii isiyo na mwandishi wala mabishano, ambayo watu mamilioni wanaikubali bila kujua kwamba wanayo, mpaka padri aje kuwaeleza? Na mwanafalsafa Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyefundisha Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani, anatukumbusha kuangalia ni nani anayesema juu ya Afrika na kwa lugha ya maktaba gani.

Nimewapa haki. Mama wa kapu hakukataa kushuka kwa sababu ni Mbantu. Na sisi Katuba hatuamshani kwa sababu ya nguvu ya uzima iliyomo kwenye damu. Tunaamshana kwa sababu bomba ni moja. Nimeinua mkono nikasema hivyo. Darasa lilicheka, mwalimu akaniambia niliandike vizuri, maana kicheko hakipati alama.

Saa sita

Vitumbua na karanga chini ya mti, na rafiki yangu wa masomo ya sheria. Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliomba rafiki amtumie chungu kidogo cha jibini ili akitaka kufanya karamu awe nacho. Leo nimemwelewa. Rafiki amelipia.

Saa nane mchana

Kazi. Nina kijimeza na mwavuli kando ya barabara, nauza yuniti za simu na kutuma pesa kwa simu. Hii ndiyo inayolipa nakala za masomo.

Leo amekuja mzee mmoja, kitenge chake kimefunga noti. Anataka kumtumia mjukuu wake aliyeko Kolwezi. Namba ameiandika kiganjani kwa kalamu ya bluu, na jasho limeipitia. “Soma, mwanangu.” Tarakimu za mwanzo ziko wazi. Ya saba ni 1 au ni 7? Ninageuza kiganja chake kwenye mwanga, kimejaa mistari na sugu, wino umeingia ndani ya mikunjo ya ngozi. Nikikosea, pesa zinakwenda kwa mtu asiyemjua, na kuzirudisha ni kesi ya siku nzima. Nikamwomba radhi, “Papa, tupige kwanza.” Tukapiga yenye 1: mwanamke mwenye hasira. Tukapiga yenye 7: “Tate!” Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Kwa dakika zile sikufikiria mtihani, wala deni, wala mimi mwenyewe. Alfajiri natafuta hali hiyo kwa kufuata pumzi, na mara nyingi siipati. Sisemi zoezi ni bure. Pengine ndilo lililonipa subira ya kutazama wino. Ila sijawahi kuwa na furaha ya namna ile nikiwa nimekaa peke yangu.

Saa mbili usiku

Umeme umekwenda. Tunakula bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, kwa mwanga wa simu, na Mama ananiuliza leo nimesoma nini. Namweleza Epictetus na mafungu yake mawili, halafu la tatu ninalotaka kuliongeza: mambo yasiyo katika uwezo wangu lakini yaliyo katika uwezo wetu. Mama anasikiliza huku akikanda tonge.

“Huyu muzee alikuwa na batoto?”

Namwambia kwamba aliishi peke yake miaka mingi, vitu vichache nyumbani, na kwamba uzeeni alichukua mtoto wa rafiki, mtoto aliyekuwa karibu kutupwa kwa ajili ya umaskini, akatafuta na mwanamke wa kumlea.

“Ah,” Mama anasema. “Na kile kitabu chake kilitoka mbele ya ule mutoto ao nyuma?”

Nimeliandika swali lake pembezoni mwa kazi yangu, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Kazi inatakiwa Ijumaa.