Matangazo yanakula bando, mi nimeyafungia

Jamani matangazo ya kwenye simu yamezidi, unafungua habari moja tu ya Simba na Yanga, hujasoma hata mstari video ishaanza kupiga kelele, na inakula bando lako wewe sio la mwenye tovuti. Mi natumia Firefox kwenye Android sababu inakubali uBlock Origin, ile programu ndogo ya kuongeza kwenye brauza inayozuia matangazo, kaitengeneza Raymond Hill, ya bure toka 2014, Chrome ya simu haikubali vitu hivyo. Hutaki kubadili brauza? Ingia setingi za mtandao, tafuta Private DNS (ipo kuanzia Android 9), andika dns.adguard-dns.com (ni seva inayozuia anwani za matangazo), hapo hata matangazo ya kwenye programu nyingi yanapungua, ila ya YouTube ndo hayaguswi kwa njia hiyo. Halafu nyie mnaojificha kwenye inkognito, ile inafuta historia kwenye simu yako tu, kampuni ya mtandao bado inaweza kuona umeingia tovuti gani. VPN za bure (zile programu zinazopitisha mtandao wako kwenye seva ya mtu mwingine) nazo siziamini, mtu analipia seva halafu hakudai hela, anakula nini sasa? Na zima zile kuki (vifaili vya kukukumbuka) za tovuti za pembeni, ndo zinazofanya ukiangalia viatu leo, wiki nzima uletewe viatu.