Nyumba namba 90h, mtaa gani?

Jumamosi yangu nzima imeliwa na namba moja tu, 90h (h ni heksadesimali, yaani 144 ya kawaida). Nilikuwa na AT89S52 kwenye bredibodi, ile kompyuta ndogo ya chipu moja ya ukoo wa 8051 ambao Intel waliuleta 1980, nikataka pa kuweka kahesabu kangu, nikasoma ndani kuna baiti 256 za RAM nikasema basi 90h si ipo humo humo, nikaandika MOV 90h,A, yaani peleka kilichomo kwenye rejista A kwenda adresi 90h. Weee! Taa nane za LED nilizofunga poti 1 (miguu nane ya chipu) zikaanza kucheza ngoma zenyewe. Nikabadilisha waya, nikabadilisha LED, mpaka chipu nikabadilisha, wapi.

Kumbe namba ya nyumba bila mtaa haikufikishi. Hii chipu ina mitaa minne na kila mtaa una 90h yake: fleshi ya programu (unaisoma kwa MOVC), RAM ya ndani, rejista maalum (zinazoendesha poti na vifaa vingine vya chipu), na RAM ya nje kama umeiweka (hiyo ni MOVX). Mtaa unachaguliwa na amri unayotumia. Baiti 128 za chini za RAM ya ndani unaingia vyovyote utakavyo, ila kuanzia 80h ukitaja adresi moja kwa moja unaangukia kwenye rejista, na 90h ndo P1, poti 1 yenyewe, yaani muda wote nilikuwa naandika kwenye taa 😂 Ukiitaka RAM unapitia R0 au R1, rejista za kubebea adresi: MOV R0,#90h halafu MOV @R0,A. Mistari miwili jamani, siku nzima.

Nikanogewa nikaongeza RAM ya nje, 62256 ya kilobaiti 32. Hapo poti 0 inapiga kazi mbili, inatoa nusu ya chini ya adresi halafu miguu ileile inabeba data, kwa hiyo katikati unaweka 74HC373, chipu ya kushikilia biti nane; ishara ya ALE kutoka AT89S52 ikishuka, hiyo 373 inaishikilia ile adresi isipotee. Nusu ya juu inatoka poti 2. Sasa RAM ina laini 15 za adresi na chipu inatoa 16, ile A15 ya juu kabisa iliyobaki ndo nimeipeleka CE, mguu unaoiwasha RAM ukiwa chini (0V), ili RAM ikae 0000h mpaka 7FFFh. Mwanzoni kwa uvivu CE niliifunga graundi, ukiandika 8000h unakikuta kitu chako 0000h, nyumba moja milango miwili.

Na mguu wa 31 wa AT89S52, EA, usiuache unaelea, upeleke 5V. Ukiwa chini chipu haigusi kabisa fleshi yako, inaenda kutafuta programu nje ambako hujaweka kitu.

Gharama yake sasa. Poti 0 na poti 2 zimekwenda zote, P3.6 na P3.7 nazo za kuandika na kusoma, miguu 32 ya poti imebaki 14. LCD kwa biti 4 imekula 6, kipadi cha 4x4 kimekula 8. Zile taa nimezing'oa.