Siku moja kwenye parkingi ya Birere

Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka mtaa wa Majengo, hapa Goma, kwa miguu. Majirani hunicheka: mlinzi wa pikipiki asiyepanda pikipiki! Lakini nikimlipa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, kwenda na kurudi, jioni nitakuwa nimemfanyia yeye kazi. Tena saa hiyo barabara ni ya chukudu, zile baiskeli kubwa za mbao zisizo na pedali. Zinateremka kutoka upande wa Kibumba na kabichi, viazi na makala, yaani mkaa, na mwenye chukudu hasukumi kitu. Kisigino kinakaa juu ya kipande cha tairi kuukuu kinachobana gurudumu la nyuma, hiyo ndiyo breki. Kazi yenyewe inamngoja wakati wa kupanda.

Saa kumi na mbili nafungua lango. Sisi tuko ndani ya parsele, kiwanja cha mzee mmoja, dakika chache tu kutoka Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka wa Rwanda. Mpaka huo watu wengi wanauvuka kwa miguu. Magari yana Grande Barrière, kule kando ya ziwa. Basi mtu wa Ndosho au Katoyi anayefanya kazi Gisenyi, upande wa Rwanda, au mama anayefuata nyanya ng'ambo, anafika hapa na pikipiki yake, anaiacha, anavuka na mfuko. Ambaye hana pikipiki yake anashushwa na motari palepale barabarani, na motari anageuza kutafuta mwingine, maana versement, pesa anayomletea mwenye pikipiki, haisubiri.

Hadi saa mbili sipati nafasi ya kukohoa. Kila pikipiki inapata kikaratasi cha katoni chenye namba: nusu naifunga kwenye usukani kwa mpira wa ndani wa tairi, nusu anaondoka nayo mwenyewe. Hilo ni jepesi. Kilicho kigumu ni kujua nani atarudi saa ngapi. Wa kurudi mapema nawaweka karibu na lango, wa jioni wanakwenda ukutani, na mtu akiniambia "narudi sasa hivi" namweka katikati, kwa sababu sasa hivi ya Goma naijua.

Leo amekuja papa mmoja mwenye tai, akafunga usukani na kutia ufunguo mfukoni.

"Papa, tafadhali usifunge usukani."

"Ikiibiwa utanilipa wewe?"

"Papa, mpaka urudi nitakuwa nimeihamisha mara nyingi. Ukiifunga nitalazimika kuibeba."

"Basi ibebe," akasema, akaenda zake.

Saa tatu mama wa pikipiki ya nyuma yake akarudi akiwa na haraka. Tuliibeba kweli, mimi na kijana wa kuuza krediti ya simu, yeye mbele, mimi nyuma, ekzosi ikiwa bado na joto. Mwenye tai alivyorudi hakujua lolote, akalipa, akaniambia "aksanti, kijana, unaona hakuna shida."

Halafu kuna ardhi yenyewe. Uwanja wetu ni lava ya volkano Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyokata katikati ya mji hadi ziwani. Watu walijenga juu yake, nasi tunaegesha juu yake. Imejaa vinundu, stendi haitulii, na pikipiki moja ikilala inalaza mstari mzima. Nimekata vipande vya mbao vya kuweka chini ya stendi. Mzee mwenye parsele anasema atasawazisha. Sawa.

Magari tunapokea matatu tu. Gari moja linakula nafasi ya pikipiki sita na kulipa kama mbili, lakini mzee anapenda magari. Anasema yanaleta heshima. Ingekuwa mimi, yangelala barabarani yote, ila barabarani penyewe hapana pa kusimama: taksi-basi ya kwenda Mugunga inangoja kujaa, watu wanne kwa benchi la watatu, nyuma yake motari wanapiga honi, na mwenye toroli yuko katikati. Mji huu umehesabu sana namna ya kupita. Namna ya kusimama kila mtu anajitafutia.

Saa saba, fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mvua kidogo. Natandaza maturubai juu ya viti vya pikipiki, kwa sababu mtu akikalia kiti chenye maji analipa huku amenuna.

Kuanzia saa kumi wanarudi wote kwa pamoja, na kila mmoja ana mzigo. Ndipo ugomvi wa noti unapoanza. Faranga iliyochanika na kubandikwa selotepu napokea, nitaipitisha kwa mama wa mandazi. Dola yenye mpasuko wa nusu ukucha siipokei, hata aliyenipa akiapa kwa jina la mama yake, kwa kuwa hakuna kambiste, mbadilisha pesa, wala duka litakaloichukua kwangu.

Saa kumi na mbili jua linazama mara moja, kama kawaida yetu huku. Imebaki pikipiki moja, TVS nyekundu, ya ukutani. Sentinelle, mlinzi wa usiku, ameshafika na redio yake. Nikiwa naandika daftari, mwenye TVS akapiga simu: amechelewa ng'ambo, atalala kwa shemeji yake, tumwekee tu mpaka asubuhi kwa bei ileile.

Nikamwambia: "Kaka, lala salama. Usiku una bei yake."