Nijaze ukweli au nijaze vizuri?

Juzi kijana wa chuo kaja shuleni kwangu na bahasha. Sikuhitaji kuifungua, mpangilio wake naujua kwa kichwa: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ya Mkoa kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ya Mkurugenzi kuja kwangu, "Yah: Kibali cha kufanya utafiti", na nyuma yake hojaji za walimu kuhusu uongozi wa mkuu wao wa shule. Mkuu mwenyewe ndiye mimi. Nikamwita mwalimu wa taaluma ampeleke ofisi ya walimu, nikachukua funguo ya pikipiki nikaenda benki, ambako sikuwa na shida yoyote.

Njiani nikamkumbuka yule mama wa Korogwe.

Ilikuwa 2017, uzamili wa uongozi wa elimu, pendekezo limepita, fedha za utafiti zimegeuka nauli. Nilikuwa natafuta uhusiano kati ya uongozi wa walimu wakuu wa shule za msingi na ari ya walimu wao. Begani nimebeba nadharia za uongozi, Burns wa 1978 na Bass wa 1985, kiongozi wa mabadiliko, yule anayewafanya watu waone mbali kuliko mshahara wao. Hojaji ilikuwa na ngazi tano, kutoka "Sikubaliani kabisa" hadi "Nakubali kabisa". Shule za mwanzo zilikwenda haraka mno. Walimu walijaza wamesimama.

Ile shule ilikuwa ndani huko, ng'ambo ya mashamba ya mkonge. Bodaboda alinishusha saa nne, wakati wa mapumziko. Mwalimu mkuu alinipa kitabu cha wageni nisaini, akanitambulisha kwa walimu wake chini ya mwembe, akaomba udhuru akapokee mchanga wa choo. Nikagawa karatasi.

Mwalimu mmoja mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, hakugusa ya kwake. Aliomba barua kwanza. Akaisoma yote, hadi pale chini penye "Nakala", kisha akaweka kidole juu ya muhuri.

"Mwanangu, huu si muhuri wa Mkurugenzi?"

"Ndiyo, mama. Ni kibali tu cha kuniruhusu kuja."

"Kibali tu." Akavua kifuniko cha biki, akakirudisha. "Sasa nijaze ukweli au nijaze vizuri?"

Wenzake wakacheka, halafu kila mmoja akainamia karatasi yake kwa bidii ya ajabu. Nikamwambia majina hayaandikwi, taarifa ni siri, ni za masomo tu. Yale maneno ya ukurasa wa kwanza. Alinisikiliza kwa upole ule wa mwalimu anayemsikiliza mtoto akieleza kwa nini amechelewa namba.

Biki ikashuka mpaka kwenye sentensi ya mwalimu mkuu kuwashirikisha walimu katika maamuzi ya fedha. Akaniuliza, fedha ipi? Elimu bila ada ilikuwa mwaka wa pili, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliofuta ada. Ruzuku ya serikali ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinashuka shuleni kidogo kidogo, kama mia tano kwa kichwa kila mwezi, tena zimeshapangiwa: hizi za mitihani, hizi za ukarabati, hizi za utawala. Ukimgusa mzazi kwa mchango, ulikuwa unatafuta kuvuliwa madaraka.

"Zinakuja zimeshaamuliwa, atushirikishe nini? Mwezi uliopita chaki ziliisha. Kanunua kwa ile laki mbili yake ya posho ya madaraka. Hatukuulizwa, tuliziona tu mezani. Hiyo naiweka kiboksi kipi? Nikisema hashirikishi, nimemponza. Nikisema anashirikisha, nimekudanganya wewe."

Kisha akaweka tiki "Nakubali kabisa" toka juu hadi chini bila kusoma, kama anayeita mahudhurio, akanikabidhi. "Haya, nimekujazia vizuri. Ukweli umeusikia."

Yaliyobaki ni ya kawaida. SPSS, ile programu ya takwimu, ikanipa wastani wa kupendeza kila jedwali. Chaki nikazichomeka sura ya nne, msimamizi akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii imetoka hojaji ipi?" Nikaitoa. Alikuwa sahihi, nadhani. Chaki za mtu mmoja si takwimu. Siku ya kutetea, mtahini akauliza kama walimu wakuu wote ni wazuri hivi, nani basi anawafanya walimu waombe uhamisho kila mwaka? Nikazungumzia wahojiwa kupenda majibu yanayopendeza. Akaguna. Nikaagizwa kuongeza aya moja kwenye mapungufu ya utafiti, nikaongeza, nikavaa joho.

Sasa nami napokea posho ya madaraka, ya sekondari, 250,000, na muhula huu wino wa mashine ya kurudufu mitihani umetoka humo. Sikumuuliza mtu. Aliyelalamika ni mke wangu peke yake, walimu walikuta mitihani imeshachapwa. Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia habari ya zile chaki kama sifa ya yule mwalimu mkuu, mtu mwema aliyekosa kiboksi cha kumtosha. Siku hizi nikiyarudia maneno ya yule mama, hasa pale aliposema hawakuulizwa, sina tena hakika kwamba alikuwa anamsifu.