Kifuniko cha rejeta: feni imenyamaza, hatimaye

Kifuniko nilichoshona kuzuia upepo wa baridi usipige rejeta ya lori langu la dizeli kimekubali. Nje ni nyuzi 24 chini ya sifuri, lori halina mzigo, nimeshuka mteremko mrefu mguu ukiwa nje ya mafuta, na kulanti, yaani maji ya kupozea injini, haikushuka chini ya 84. Hita ilikuwa inapuliza moto mpaka nikaipunguza. Na jambo lililonifurahisha kuliko yote: feni haikunguruma hata mara moja.

Nasema feni kwa sababu ndiyo iliyonichosha. Kufunika rejeta si kazi. Kipande cha turubai, kamba, basi, umefunika. Kazi ni kufunika bila feni kuamka na kukuharibia kila kitu.

Niweke kumbukumbu hali ilivyokuwa kabla. Thamostati, ile vali inayoruhusu maji kwenda rejeta yakishapata moto, ni mpya, imegongwa 88 ubavuni, na niliichemsha kwenye maji na kipimajoto kabla ya kuifunga, ikafunguka ilipotakiwa. Kulanti ni nusu kwa nusu na maji, oili ni 5W-40, hita ya bloku, ya kupasha injini kabla ya kuwasha, inafanya kazi. Kwa hiyo asiniambie mtu nibadilishe thamostati. Pamoja na hayo yote, nikiliacha lori likinguruma papo hapo baada ya safari, joto lilikuwa linashuka lenyewe mpaka 60 na kitu, na hewa ya hita inakuwa ya uvuguvugu wa kukatisha tamaa. Dizeli ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila mwendo wala kukanyagwa mafuta, inameza hewa kwa wingi uleule, silinda nzima, huku mafuta yakiwa tone tu. Haina kipepeo cha kuibania hewa kama ya petroli. Moto ni mdogo, hewa ya baridi ni nyingi, na bloku lote limekaa kwenye upepo.

Swali linalorudi kila mara ni hili: kama thamostati imefunga, maji hayapiti rejeta, sasa kufunika rejeta kunasaidia nini? Swali zuri, na nililitafuna sana. Kwanza, thamostati nyingi zina kitundu kidogo cha kutolea hewa, na maji kidogo huweza kupita hapo. Pili, na hili ndilo kubwa, upepo ukishavuka rejeta hauishii hapo. Unapiga bloku, sampo (bakuli la oili), kichwa cha silinda na mabomba, na kila kimoja kinapoteza joto lake. Tatu, mbele ya rejeta kuna intakula, kipozeo cha hewa inayoingia kwenye injini, na dizeli inayovuta hewa iliyoganda inachelewa kuwasha mafuta, inagonga kwa sauti mbaya na kutoa moshi mweupe. Kifuniko hakileti joto jipya, kama blanketi tu. Kinazuia lile dogo lililopo lisiibwe.

Ndiyo maana kadibodi iliyochomekwa kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta siikubali. Intakula inabaki nje kwenye baridi. Pia huioni ikilowa na kulegea mpaka imeshaziba kila kitu. Kifuniko changu kiko nje, mbele ya grili, nakiona kila nikizunguka gari.

Sasa feni. Klachi ya feni yangu, kifaa kinachoiunganisha feni na injini, ni ile ya mafuta ya silikoni, yenye springi ya metali mbili usoni, inayotazama mgongo wa rejeta. Hewa ya moto ikiifikia, springi inajikunja, silikoni inaingia, klachi inashika. Mngurumo wa asubuhi ukiwasha gari si tatizo, silikoni imetuama usiku na baada ya muda mfupi inaachia. Tatizo langu lilikuwa njiani. Kifuniko kikiwa kimefungwa chote, hewa mpya haiji, ile ya kwenye injini inazunguka na kurudi mbele, springi inaoka, klachi inashika ilhali kulanti iko 85 tu. Feni inavuta kwa nguvu zote dhidi ya turubai lililozibwa, turubai linanyonywa ndani ya grili mpaka linachora mistari yake, nguvu ya injini inaliwa bure, na kelele ni ya ndege inayotaka kuruka.

Nikafungua upande mmoja. Kelele ikapungua, mtetemo ukaanza. Hilo lina maelezo: panga la feni linapita kwenye hewa inayotembea, halafu kwenye hewa iliyosimama, halafu inayotembea, kila mzunguko. Linapinda na kunyooka. Chuma kinachopindwa hivyo mwishowe hupasuka, na sitaki kuokota panga la feni kutoka ndani ya rejeta. Kwa hiyo matundu ya upande mmoja, hapana. Ama liwe moja katikati, au yawe kadhaa yaliyolingana pande zote.

Nikafungua katikati. Ikatulia kwenye tambarare, ikirudi kunguruma kwenye kila kilima. Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika. Nililipanua tundu, joto likapotea. Nikalipunguza, mngurumo. Nilianza kuitilia shaka klachi yenyewe, nikaizungusha kwa mkono ikiwa baridi na ikiwa moto, ikawa sawa kabisa kama inavyotakiwa.

Kilichonifungua macho ni timazi. Ndiyo, timazi ya fundi mwashi, uzi na risasi. Niliining'iniza kutoka kwenye ukingo wa chuma ulio juu ya rejeta, boneti ikiwa wazi, nikapima kwa futi kutoka kwenye fremu kushoto na kulia. Katikati ya grili si katikati ya feni! Kitovu cha klachi kiko sentimita 9 chini ya katikati ya grili, na kimesogea kidogo upande wa dereva. Watengenezaji hupanga grili kwa macho ya mnunuzi, na feni hukaa pale kishikio chake kinapoiruhusu. Tundu langu lilikuwa linapuliza hewa juu ya klachi, na springi ilikuwa kwenye kivuli cha turubai.

Nikashona tundu la zamani, nikakata jipya, mraba wa sentimita 28 kila upande, usawa wa kitovu. Hewa inayopita hapo imeshavuka rejeta, kwa hiyo springi inasoma joto la kweli. Maji yakizidi moto itaamka, ndivyo ninavyotaka. Yasipozidi, inalala. Na imelala.

Namba, kwa wapenzi wa namba. Zote nimesoma kwa kifaa kilichochomekwa kwenye kompyuta ya gari, kwa sababu geji ya dashibodi ni ya kumliwaza dereva. Mshale wangu unasimama palepale katikati kuanzia 75 hadi karibu 100. Anayesema "joto langu haliyumbi" kwa kutazama mshale huo, hajui joto lake. Bila kifuniko, kulanti kwenye mwendo wa barabara kuu ilikuwa 78, na hewa baada ya intakula 7 chini ya sifuri. Na kifuniko cha sasa: 88 na 26. Sailensa kwa muda mrefu: ilikuwa inaporomoka hadi 62, sasa inasimama 79. Si 88, na sitegemei ifike. Kuliacha dizeli sailensa saa nzima ni kulisha pete za pistoni masizi na kuiharibu oili kwa mafuta yasiyoungua. Nikilazimika kusubiri napandisha mizunguko hadi 1,100 na kufunga breki ya ekzosi, ile inayobana njia ya moshi, injini inapata kazi ya kufanya.

Kilima bado nakiheshimu. Nikiwa na mzigo hewa ya kuingia injini ilipanda hadi 54. Kikomo nilichojiwekea ni 60, ikifika hapo nasimama na kufungua. Hewa ya moto ina oksijeni pungufu, na joto la ekzosi linapanda kabla ya kulanti kuonyesha chochote. Wenye magari yenye chujio la masizi wawe waangalifu zaidi, likianza kujichoma lenyewe joto chini ya boneti linazidi sana. Na nje ikikaribia sifuri, kifuniko kinatoka chote, hakuna mjadala.

Maneno kidogo kuhusu vifaa. Velkro ni upuuzi kwenye barafu, theluji inaingia kwenye manyoya yake, inaganda, haishiki tena. Sasa natumia vifungo vya chuma vya kubonyeza, vimepigwa kwenye turubai lenye plastiki, pamoja na kamba za mpira pembeni. Cherehani ya nyumbani ilikuwa inaruka mishono kwenye tabaka mbili nikaiacha, nikashona pindo lote kwa msharasi wa fundi viatu na uzi wa polista. Polepole, lakini hakuna mshono uliofumuka. Turubai lipashwe joto ndani kabla ya kulivalisha, likiwa baridi ni gumu na linapasuka kwenye mikunjo.

Kipimajoto cha miale, ile bastola ya kuelekeza, kina sifa nyingi kuliko kazi yake. Ukikielekeza kwenye alumini inayong'aa kinakupa namba ya chini ya uongo. Nimebandika vipande vya utepe mweusi kwenye tangi la rejeta na kwenye nyumba ya thamostati, napima hapo tu. Tofauti na kabla ya utepe ilikuwa ya kuchekesha.

Hatua iliyokuwa inafuata ni kuweka bitana ya fulana nzito ndani ya kifuniko, na zipu mbili za milango ya pembeni ili nisivue kifuniko chote kwenye kilima. Zipu nimeshazinunua, na zitakaa tu bila kutumika. Jana nilipokuwa nafuta theluji kwenye grili nikaona nafasi kati ya vyuma vyake ni karibu sawa na ile sponji ya mviringo ya kufunikia mabomba ya maji, ile yenye mpasuko kwa urefu. Inapanuka, inavishwa kwenye chuma cha grili, inajishika yenyewe. Hainyonyi maji, haipigwi na upepo, haihitaji kifungo hata kimoja, na ukitaka hewa unachomoa mstari mmoja tu. Kwa nini nashona?

Nimeshakata tatu na kuzivisha kwenye tundu la bampa la chini, ambako turubai halikuwahi kukaa vizuri. Zimebana mpaka nilihitaji maji ya sabuni kuziingiza. Kesho nachora upya kitovu cha feni kwenye grili kwa chaki, nione ni mistari ipi ibaki wazi.