Yeye na Upepeo wa Chuma

Usiku wa tarehe 7 Februari 2016, Shanghai ilikuwa kimya kuliko nilivyoahidiwa. Tangu Septemba, nilipofika kuanza mwaka wa lugha, kila mtu alinisimulia fataki za Mwaka Mpya wa Kichina: utaziba masikio, utadhani vita vimeanza. Kumbe kuanzia Januari mosi jiji lilikuwa limepiga marufuku fataki ndani ya barabara ya mzunguko wa nje. Nilitoka kituo cha treni ya chini ya ardhi na mfuko wangu wa machungwa, nikawa nasikia viatu vyangu mwenyewe.

Mwalimu wangu wa Kichina ndiye aliyenionea huruma. Kantini ilikuwa imefungwa, bweni limebaki na wageni tu tunaopishana korido na bakuli za tambi za kuloweka, akaniambia njoo ule kwetu. Ghorofa ya sita, hakuna lifti. Mlangoni, kabla hata sijavua viatu, akaninong'oneza kuwa hakuna nguruwe katika chakula chochote, hata mafuta yake, na sufuria amenunua mpya. Nilikosa la kusema. Kumwondolea Mchina nguruwe mezani siku ile ni kama kumwambia mtu wa Tanga apike Idi bila pilau.

Ndani alikuwepo mumewe, mtoto wao wa miaka kumi, na baba mkwe wake, mzee wa miaka 82 aliyekaa kwenye kochi na koti zito na kofia ya sufu. Sote tulikuwa na makoti. Nyumba za kusini mwa China hazina mabomba ya kupasha joto kama za Beijing, na Shanghai inahesabiwa kusini, kwa hiyo baridi ya nje na ya ndani ni ndugu.

"Mwite yeye," mwalimu akaniambia.

Hapo lazima nisimame kidogo. Kwa Kichina, babu mzaa baba ni *yeye*, na vijana humwita hivyo mzee yeyote kwa heshima. Nilikuwa nimejifunza neno hilo darasani na kulicheka peke yangu, maana hakukuwa na wa kucheka naye. Sasa ikabidi nimwangalie mzee wa watu usoni, niinamishe kichwa, nimwamkie: "Yeye, hujambo."

Tulikula hadi nikalegea. Samaki mzima ambaye hamalizwi makusudi, ili mwaka uingie na kilichobaki. Wali mtamu wa matunda makavu uitwao *babaofan*. Vimviringo vya unga wa mchele vyenye ufuta ndani. Kisha likaja suala la kutazama nini. Mwaka uliokuwa unaingia ulikuwa Mwaka wa Nyani, na nyani nchini China ana jina moja, Sun Wukong, nyani shujaa wa hadithi zao za kale. Mtoto alitaka katuni mpya ya rangi. Yeye akataka ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya Binti Mfalme Upepeo wa Chuma. Inaonekana alikuwa ameiomba miaka kadhaa na kila mara watu wanaahidi kuitafuta. Safari hii kijana akashindwa kwa kura, akaitafuta mtandaoni huku amenuna, akaunganisha kompyuta na televisheni.

Picha ilichezacheza, sauti ilikwaruza kama redio ya betri zilizochoka. Kichina changu cha miezi mitano kilinitupa mkono dakika ya pili. Hadithi nilipewa na mwalimu, kwa maneno mepesi ya darasani. Mtawa anasafiri kwenda Magharibi, yaani India, kuchukua vitabu vya dini ya Buddha. Amefuatana na wanafunzi watatu: Nyani, Nguruwe na Sha. Njia imezibwa na Mlima wa Moto, na cha kuuzima ni upepeo mmoja tu duniani, ulio kwa Binti Mfalme, mke wa Mfalme Fahali. Yule Nguruwe alipotokea, tumbo mbele na masikio yakining'inia, yeye alinigeukia: "Huyu unaruhusiwa kumtazama. Kumla ndiyo hapana." Mwalimu alitaka kufa kwa aibu. Mimi nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Moto wenyewe ulikuwa na sura: macho, mdomo, mikono inayonyooka kukamata watu. Sisi tumejikunyata tunatazama moto huku pumzi zinatoka moshi. Nyani akajigeuza mdudu, akaingia tumboni mwa Binti Mfalme na kumtandika kwa ndani mpaka mama akasalimu amri, akampa upepeo. Mbio hadi mlimani, anapepea, moto unazidi kulipuka. Amepewa wa uongo!

Nikajikuta nimesema kwa sauti: "Mbona huo ndio wa kweli?"

Wote wakanitazama. Ikabidi nieleze, kwa Kichina cha kubangaiza, kwamba kwetu upepeo, huu wa ukili wanaosuka mama zetu, ni wa jiko la mkaa. Bibi yangu Pangani aliupunga asubuhi kuuamsha moto, sijapata kumwona akiuzima nao. Kwa hiyo Binti Mfalme hakumdanganya mtu. Alimpa chombo kinachofanya kazi yake. Mume wa mwalimu akatafsiri pale nilipokwama. Yeye alikaa kimya, halafu akaanza kutikisika mabega. Alicheka bila sauti, kofia ikamshuka hadi kwenye nyusi. Akasema hata mama yake alikuwa na wa hivyo, wa jiko la makaa, kwenye kichochoro walikokaa. Miaka sabini na ushee anaifikiria hadithi ile, na hajawahi kujiuliza hilo.

Ndipo akafungua mdomo. Aliiona sinema akiwa na miaka minane, mwishoni mwa mwaka 1941, ilipotoka. Wakati huo Wajapani walikuwa wameuzunguka mji tangu 1937, isipokuwa maeneo ya wageni, ya Wafaransa na yale ya kimataifa, ambayo watu waliyaita kisiwa cha upweke. Humo ndimo mapacha wawili wa Nanjing, Wan Laiming na Wan Guchan, walipoichora. Walikuwa wameona katuni ndefu ya Marekani ikijaza kumbi za Shanghai, wakasema na sisi tutengeneze yetu, ya hadithi yetu. Wachoraji zaidi ya 200, karatasi kwa karatasi. Ikawa katuni ndefu ya kwanza ya China.

Cha ajabu, kichwani mwake hakikubaki Nyani. Alichokumbuka ni baba yake akitafuna mbegu za tikiti na kumpitishia mkononi gizani, na kwamba kuelekea mwisho, wanakijiji walipotoka wote kumkabili Mfalme Fahali pamoja na wale wanafunzi watatu, watu wazima ukumbini walisimama wakipiga kelele. Yeye alidhani wanamshangilia Nyani. "Sikujua fahali ni nani," alisema. "Baba alijua." Tarehe 8 Desemba askari wa Japani wakaingia hata maeneo ya kimataifa. Hakuendelea, na mwanawe akamwongezea chai.

(Baadaye nilisoma kuwa filamu ile ilipelekwa Japani kwenyewe mwaka 1942, na miongoni mwa waliovutiwa nayo ni kijana Osamu Tezuka, aliyekuja kuwa bingwa wa katuni wa nchi hiyo. Wakaguzi nao hawakujua fahali ni nani, labda.)

Kijana alishasinzia. Yeye akataka zamu yangu: kwetu je, nyani wapo kwenye hadithi? Nikamtolea ya Kima na Papa. Sikujua papa kwa Kichina, nikachora mapezi hewani. Nikafika mahali kima yuko mgongoni mwa papa katikati ya bahari, anaambiwa sultani anaumwa na dawa ni moyo wa kima, na yeye anajibu...

"Ameuacha mtini," akamalizia mzee.

Nilibaki mdomo wazi. Akasema naijua hiyo, imo katika hadithi za Buddha, ila si papa, ni kobe. Nikasema ni papa. Akasema papa hambebi mtu, hana gamba la kukalia, fikiri. Tulibishana, mimi na kamusi ya simu, yeye na kidole, mpaka mwalimu akanikumbusha treni.

Kituoni, nikisubiri kwenye baridi, nikampigia mama. Tanga ilikuwa jioni bado.

"Mama, ile hadithi ya Kima na Papa, yeye anasema si papa, ni kobe."

"Nani anasema?"

"Yeye."

"Yeye nani?"