Jogoo aliyeachwa kwenye pantoni

Jumapili, saa nne kasoro usiku. Mtoto amelala, mimi bado niko mezani na daftari lake.

Kuna ukurasa wenye tundu katikati. Hakuutoboa makusudi. Kaandika, kafuta, kaandika tena, kafuta, mpaka raba ikatokea upande wa pili. Ukiuinua kwenye taa unaona kilichobaki pembeni mwa tundu: "nikamng". Hapo ndipo alipofunga daftari Alhamisi, akaenda kujifungia chooni kulia.

Ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Imla kwake ni kumi juu ya kumi, na siku akipata tisa nyumba nzima inajua. Mwezi uliopita aliandika "gafla" badala ya "ghafla", akarudi na tisa yake, chakula cha mchana hakukigusa. Majirani wananicheka: "Wako anapata tisa unalalamika, sisi tuseme nini?" Nami nilikuwa nashukuru kimoyomoyo, hadi mwalimu wake aliponiita kuhusu insha. Si kwamba ilikuwa na makosa. Haikuwa na kosa hata moja. "Tulienda Kigamboni. Tulikula. Tulirudi. Nilifurahi." Basi.

Sasa mimi siku hiyo nilikuwepo. Tuliporudi nyumbani alimsimulia baba yake karibu nusu saa: pantoni ilivyojaa pale Magogoni, mzee mwenye jogoo kwenye kikapu, jogoo alivyochomoka akatua juu ya boneti ya gari la watu, abiria wakamkimbiza, pantoni ikayumba naye akaning'ang'ania sketi mpaka kifungo kikang'oka. Nikamuuliza, jogoo yuko wapi kwenye insha? Akajibu bila kuniangalia: "Sijui kuandika kung'ang'ania."

Jogoo mzima kaachwa baharini kwa sababu ya ritifaa, kile kimkia cha juu.

Niseme ukweli ambao umenikaa kooni wiki hii. Mimi ni mhakiki wa miswada. Kalamu nyekundu ndiyo inayolipa ada. Kila jioni nakaa meza hii hii, yeye mbele yangu na kazi zake za shule, nami nikikuta "zahabu" kwenye mswada naguna, nikikuta "nilikua njiani" nasonya, "Huyu naye!" Miaka yote nilidhani anasikiliza redio.

Ijumaa nikaficha raba. Nikampa kalamu ya wino na masharti mawili: ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno uendelee, ukilitilia shaka, lipigie mstari chini uendelee, tutalirudia baadaye. Na mimi ningeandika kwa mkono, habari ile ile ya Kigamboni, bila kuchungulia daftari lake. Siku ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote. Mistari miwili, machozi, na kalamu ikatupwa chini ya kochi. Nilitaka kumrudishia raba yake, tulale.

Kilichosaidia kidogo ni orodha ya dukani. Jumamosi nilimwambia aandike mwenyewe vitu vya kununua kwa Mangi, akakwama kwenye kiungo cha pilau. Ni bizari au binzari? Nikamwambia watu wanasema zote mbili. Aliniangalia kama nimemwambia mbili na mbili ni nne au tano, chagua. Akaandika binzari, akaenda, akarudi nayo. "Hajauliza kitu," akasema, kama aliyetegemea Mangi atoe kalamu asahihishe.

Ndipo nikamtafutia picha ya kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf, ile ya mwaka 1882, ambayo jina la lugha yenyewe limeandikwa "Suahili". Alicheka mpaka akapaliwa. "Kamusi nzima, Mama?" Nikamweleza kwamba kamati ya kusanifisha lugha ilianza kazi mwaka 1930, na kwamba kabla ya herufi hizi kuenea, watu wa pwani walikuwa wakiandika tenzi na barua zao kwa herufi za Kiarabu karne na karne. Akafikiri. Akauliza kama ile kamati walikuwa na raba.

Leo mchana tukakaa tena. Neno lake tukalikata silabi kwa kupiga makofi, ku-ng'a-ng'a-ni-a, kama wanavyofanya chekechea. Alijidai anaona haya lakini makofi alipiga. Kisha kimya, kila mtu na kalamu yake. Nilipomaliza akaomba asome ya kwangu. Akahesabu maneno niliyoyakata: kumi na moja. Halafu akaweka kidole mahali, akanyamaza. Nilikuwa nimeandika "nilikua". Mimi! Nilitaka kusema nilikuwa na haraka, na sikuwa na haraka yoyote. Akachukua kalamu, akalipigia mstari chini taratibu.

"Endelea tu, Mama. Utalirudia."

Ya kwake ninayo hapa. Ukurasa na nusu. "Jogoo alichomoka gafla akapanda juu ya gari la watu. Nikamngang'ania mama sketi." Hilo la pili kalipigia mstari chini. "Gafla" hakuligusa. Maneno manne yamekatwa, moja kwa hasira, mstari umepinda mpaka pembeni. Kalamu nyekundu ilikuwa karibu na mkono wangu, na mkono unawasha, usiniulize.

Nilimrudishia daftari, nikamuuliza jogoo alikamatwa au vipi, maana mimi sikuona, nilikuwa natafuta kifungo.

"Bado sijafika huko," akasema, akalichukua akaenda nalo kitandani. Nimelichomoa chini ya mto wake sasa hivi. Kaongeza mistari mitatu.